Siku Saba za Kitalu cha Tafida

Watu wa Kafr Dirgham walikuwa na msemo wao: mbegu ni ya Mungu, mche ni wa Tafida. Waliusema kwa utani, lakini hakuna aliyeubisha. Kwa miaka thelathini na moja hakuna kabichi iliyoliwa kijijini hapo, iwe ya harusi au ya Ijumaa tu ya kawaida, ambayo haikuanza maisha yake chini ya vidole vya mwanamke yule mfupi, mnene, mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Kabichi yenyewe haikuwa hii ndogo ngumu ya madukani. Ilikuwa ya kienyeji, pana kama sinia, nne tu zinamlemea punda, na majani yake ukiyachovya kwenye maji ya moto yanakunjika bila kupasuka. Ndilo jani la kufungia wali wenye nyanya na giligilani. Msichana asiyejua kufunga vile vidole vya wali, Kafr Dirgham, hana haja ya kungoja mchumba. Mbegu yake haikuuzwa popote. Tafida aliipokea kwa mama mkwe wake, Haja Zanuba, ambaye naye aliipokea kwa mama mkwe wake, ikashuka hivyo kwa wakwe pamoja na bangili na ugomvi.

Haja Zanuba hakuwa mwalimu mpole. Alifundisha kwa kupiga watu vidole. Kabichi ya mbegu, alisema, usiichague kwa ukubwa, ichague kwa utulivu: ile ambayo haikupasuka wala kuwa na haraka. Iache shambani majira yote ya baridi, kisha ichanje kichwani mara mbili kwa kisu, shina la maua lipate mlango wa kutokea. Likichanua, hakikisha hakuna koliflawa ya jirani inayochanua karibu, maana hao wawili wakikutana wanazaa watoto wasio na kichwa. Na mbegu ukishaipata, usiisie yote siku moja hata kama mfalme ndiye anayengoja.

Kusia kwenyewe kulifanyika mwezi wa Misra, joto likiwa limewaka. Tuta linainuliwa kiasi cha shibiri, udongo unachekechwa na samadi iliyooza hadi imesahau ilikotoka. Mbegu inachanganywa na mchanga ili isimwagike kwa mafungu, inasiwa kwa mistari, inazikwa kina cha ukucha. Maji hayamwagwi juu, yanapitishwa kwenye vijifereji vya pembeni, udongo uyanywe wenyewe. Juu yanatandazwa mabua ya mpunga, kukinga jua. Halafu siku ya tatu, jua likilegea, mabua yanatoka.

“Siku ya tatu,” Haja Zanuba alikuwa akisema, na kidole cha Tafida kinalipa. “Si ya nne. Mche ukikaa gizani unalitafuta jua hadi shingo inakuwa uzi, na kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kinakaa pale pale shingoni, kinangoja.”

Tafida aliyajua haya kuliko alivyoyajua majina ya wajukuu wa kaka zake. Alikuwa ameyasema mara elfu kwa watu wengine. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yanauma, kwa sababu hayakumpata mjinga.

Mwaka ule mambo yalianza kwenda kombo tangu majira ya baridi. Mwezi wa Tuba ukingo wa mfereji ulipasuka juu kidogo ya shamba lake, na maji yakalala siku nne juu ya kabichi zake kumi na mbili za mbegu. Kumi zilioza, zikanuka hadi msikitini. Gudulia la mbegu za akiba, lililokaa kwenye pembe ya ghala miaka yote bila shida, nalo lililowa, mbegu zikaota ukungu. Kabichi mbili tu zilisimama, na kutokana na hizo Tafida alipata mbegu nusu kikombe cha kahawa. Nusu kikombe hiyo ndiyo iliyokuwa kabichi yote ya Kafr Dirgham iliyobaki duniani.

Alikihamisha kikombe kile kutoka kabati hadi kabati, akakifunga kitambaa, akamfukuza hata paka chumbani. Samah, mke wa mwanawe Ragab, alimtazama akatikisa kichwa. Ragab alikuwa Kuwait kwa kazi, na wanawake hawa wawili waliishi pamoja kwa mapenzi ya kubishana. Samah alikuwa amesomea kilimo, ana cheti chake kimetundikwa ukutani, na Tafida hakumwacha asahau kwamba cheti hakijawahi kuota.

Misra ilipofika, Shahat, mkulima wa upande wa pili wa mfereji, alisimama mlangoni na fimbo yake.

“Mama Ragab, miche yangu elfu moja ipo au haipo?”

“Ipo, Mungu akipenda.”

“Mungu anapenda siku zote, mimi nakuuliza wewe. Yule bwana wa barabara kuu ana miche kwenye trei, imepangwa kama mayai. Mke wangu anasema majani yake yanapasuka ukiyakunja, lakini siwezi kulima maneno ya mke wangu.”

“Kalime basi hayo mayai ya trei!” Tafida akafoka. “Kisha uje hapa unililie!”

Shahat akacheka akaondoka, lakini Tafida hakucheka. Kabla yake walikuja wengine wanne na swali lile lile.

“Mama,” Samah alisema, “tusie nusu. Nusu ya pili tuifiche. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.”

“Nilikufundisha wakati wa shibe. Hawa wakienda kwa bwana wa trei mwaka mmoja tu, hawarudi. Na kabichi isiyo na mlimaji, mbegu yake niiweke ya nini? Nijipake?”

“Lakini Mama, likitokea la kutokea?”

“Kwa nini litokee? Hebu lete mchanga.”

Akazisia zote. Hapo ndipo mguu ulipoteleza mara ya kwanza, na hakusikia kuteleza. Tuta lilikuwa refu, hatua ishirini, kuanzia karibu na pampu hadi kwenye vichaka vya mbarika mwisho wa shamba. Lilikuwa tuta zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilitandaza mabua, akapitisha maji, akasoma alichojaliwa kusoma.

Siku ya tatu alasiri alipoinua mabua ya kwanza, moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Miche yote ilikuwa imeota. Mistari kwa mistari, vijani viwili viwili, mbichi, inayong'aa, hakuna pengo hata la kupitisha kidole. Akaenda na mabua akiyatupa pembeni, akicheka peke yake, hadi mwisho wa tuta. Aliporudi kusimama katikati, mgongo ukimuuma kwa raha, Galila alikuwa amesimama juu ya ukingo na ndoo ya maziwa.

Galila alikuwa jirani wa ukuta mmoja na tanuri moja. Miaka ishirini walioka mikate pamoja kila Alhamisi, na siku mume wa Galila alipokufa ni Tafida aliyemlisha kwa mkono. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyati mmoja na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mfereji. Alikuwa pia na macho ya buluu, na mwanya katikati ya meno ya juu. Mwanya kwingine ni urembo, lakini kwao pale, macho ya buluu na mwanya kwa mtu mmoja ni mashtaka ya jicho baya. Watu walimpenda Galila, ila akimkaribia mtoto mchanga walimvutia mtoto shuka usoni. Tafida ndiye aliyekuwa akiwacheka. “Macho kapewa na bibi yake,” alikuwa akisema, “na mwanya kaupata kwa uroho wa miwa.”

“Weee!” Galila akapiga kelele pale ukingoni. “Yote? Shoga, imetoka yote! Mimi figili zangu sisimizi wamebeba hadi ya mwisho, na wewe huku umetandika zulia! Una nini wewe mikononi?”

Akacheka, akahamisha ndoo mkono wa pili, akaenda zake.

Tafida alingoja. Alikuwa anangoja neno moja tu, mashaallah, ambalo hata mlevi halisahau anapoona kitu kizuri cha mwenzake. Halikuja. Galila alikuwa ameshafika kwenye daraja, anamwimbia nyati wake. Tafida alitaka kuita, “Sema mashaallah, Galila!” lakini ulimi uligoma, kwa sababu kumwambia mtu aliseme ni kumwambia unamshuku. Akabaki amesimama katikati ya miche yake, na jasho la mgongoni likawa baridi.

Hapa inabidi kusemwa jambo ambalo Tafida mwenyewe hakulisema kamwe. Kabla ya Ragab alizaa binti, Nagah. Mtoto mchanga kwao hufichwa siku saba, hadi siku ya kupepetwa kwenye ungo na kupigiwa kinu. Siku ya tano alikuja mgeni, mwanamke wa kijiji cha jirani, na Tafida, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na fahari ya kijinga, akamfunua mtoto amwonyeshe. “Mashavu gani haya!” mgeni alisema, basi. Siku ya tisa Nagah alizikwa. Haja Zanuba hakumpiga vidole siku ile. Alisema tu, “Tulimfunua mapema,” na hilo “tu” la kusema sisi, la huruma, ndilo lililomkaa Tafida kifuani miaka yote kama mfupa wa samaki.

Basi akainama, akaanza kuyarudisha mabua. Aliyarudisha yote, hatua ishirini, akaongeza mengine juu.

“Mama, unafanya nini?” Samah alikuja mbio. “Si ndiyo kwanza umefunua?”

“Galila ameiona.”

“Ameiona akafanyaje?”

“Hakusema mashaallah.”

Alimjua mkwewe. “Tumwite aje aseme sasa. Atacheka, atasema.”

“Likishatoka jicho halirudishwi kwa kicheko. Tutaificha siku saba. Mtoto wa mtu anafichwa siku saba na anaishi, sembuse kabichi?”

“Mtoto ananyonya, Mama! Huu mche unanyonya jua!”

“Cheti chako hicho kiambie,” Tafida alisema.

Siku iliyofuata alitafuta mkaa, ubani na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi. Akakata karatasi umbo la mtu, akaichoma kwa sindano tundu moja moja, kila tundu na jina. Jicho la Shahat. Jicho la mke wa Shahat. Jicho la bwana wa trei. Alipofika kwa Galila karatasi ikachanika hadi kiunoni. Akaitupa kwenye makaa pamoja na shabu. Jiwe lilitoa povu, likavimba, likajikunja, na lilipopoa alilishika kiganjani akaligeuza upande huu na upande huu.

“Mwone,” alimwambia Samah. “Huo si mwanya huo?”

“Mama, hilo ni jiwe lililoungua.”

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Tafida akasema polepole. Sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko hasira, na hilo lilimtisha Samah zaidi.

Siku ya nne ya mche, siku ya tano. Joto la Misra lilikaa juu ya kijiji na mvuke wa mpunga ukapanda kutoka mashambani. Tafida alipitisha maji asubuhi na jioni, maana aliona mabua yanafuka na akadhani ndani kunaungua. Alichungulia mara moja tu, kwa kuinua bua moja. Miche ilikuwa imerefuka. Ilikuwa myeupe, myembamba, imeegemeana. Mwanamke aliyelea miche miaka thelathini na moja aliona shingo zile na kitu ndani yake kikasema kwa sauti ya Haja Zanuba, siku ya tatu, si ya nne. Akakinyamazisha. “Ndivyo linavyoanza jicho,” alijiambia. “Linavuta kwanza.” Akaongeza mabua.

Samah alikuwa ameacha kubishana tangu alfajiri ya siku ya tano. Aliamka, akafanya kazi zake, akaenda upande wa mbarika kukata nyasi za nyati wao, akarudi. Tafida alidhani ameelewa.

Siku ya nane harufu ilianza, chachu, kama kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa. Siku ya tisa Galila aligonga mlango na sahani ya jibini, na Tafida akamwambia kupitia upenyo kwamba kichwa kinamuuma.

“Kichwa tena? Wiki nzima hiyo? Au una mimba, shoga?” Galila akacheka nje pale. Hakuna aliyecheka ndani.

Siku ya kumi, siku saba zilipotimia, Tafida alivaa nguo safi, kama anakwenda kumtoa mtoto. Alianzia upande wa pampu. Akainua fungu la kwanza la mabua, halafu la pili, halafu akayatupa kwa mikono miwili, haraka haraka. Miche yote ilikuwa imelala. Kila mmoja ulikuwa umebanwa shingoni, pale pale unapokutana na udongo, umekuwa mweusi na kulainika, na juu ya udongo kulitanda ukungu mweupe wa nyuzi. Alifika nusu ya tuta, mikono ikakataa kuendelea.

“Mama,” Samah alisema nyuma yake, “njoo uone kule mwisho.”

“Sitaki kuona kaburi zima! Nusu linanitosha!”

Akamsukuma Samah, akateremka kwenye mfereji. Ilikuwa saa ya kuosha vyombo na wanawake walijaa kwenye ngazi za mawe. Galila alikuwa katikati yao, mikono ina povu hadi kwenye viwiko.

“Umefurahi?” Tafida alisema.

“Nini, shoga?”

“Nauliza umefurahi? Imekufa! Yote! Uliisimamia ukaipiga macho, sasa imelala kama ulivyotaka. Huna mtoto, huna bustani, umeona mwenzako ana kitu ukakitolea jicho!”

Sufuria ilimponyoka Galila ikaelea. “Mimi? Tafida, mimi?”

“Sema wallahi ulisema mashaallah! Apa mbele ya watu!”

Galila alifikiri. Hilo ndilo lililommaliza, kwamba alikuwa mkweli kiasi cha kufikiri. “Sikumbuki,” alisema. “Nilikuwa na furaha, nilisahau.”

Wanawake walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, kama maji yanavyorudi ukingoni.

Basi ikawa hivyo. Lisemwalo lipo, watu waliambiana, na kila mmoja akakumbuka lake. Mwingine akamkumbuka ndama aliyevimba, mwingine kijana aliyefeli mtihani, na tanuri iliyopasuka mwaka juzi pia ikaandikiwa Galila. Alhamisi alikuja na unga wake akakuta wanawake wameshaoka na makaa yamezimwa. Aliyekuwa akichukua maziwa yake asubuhi alipitisha punda njia nyingine. Na kicheko chake, kile cha ng'ambo ya mfereji, kikanyamaza siku moja na hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi. Tafida aliyasikia haya yote akiwa ndani, amejifunga kitambaa kichwani, amemkataza Samah hata kulitaja tuta, na kila aliyekuja kumpa pole alimwongezea uhakika. Shahat alikuja pia. Alitoa pole, akakohoa, akasema ameshaweka oda kwa bwana wa trei. Asilaumiwe.

Siku ya nne baada ya hayo alitoka kwenda kusafisha tuta, maana kitalu kilichooza hakiachwi. Alasiri ilikuwa tulivu. Alizoa mabua kuanzia pale alipoishia, fungu kwa fungu, akiyaweka kando ya kuchomwa, na chini yake kulikuwa na weusi ule ule. Alipofika kwenye vichaka vya mbarika akasimama.

Mwisho wa tuta, upana wa mikono miwili, mabua yalikuwa yamekunjwa nyuma. Hayakuchakurwa na kuku. Yalikunjwa vizuri, kwa mkono, kama mtu anavyokunja pindo la shuka. Na hapo, kwenye kivuli chepesi cha mbarika, ilisimama miche. Ilikuwa mifupi, minene, shina lina wekundu wa afya, na majani ya kweli yameanza kutoka katikati, ya kijivu-kijani, yenye vumbi lile la kabichi. Tafida akapiga magoti. Akaihesabu, akaihesabu tena. Ilikuwa thelathini na saba. Kumi tu zinatosha kwa mbegu. Kabichi ya Kafr Dirgham ilikuwa hai.

Alilia kwa furaha, kweli alilia, akaigusa kwa ncha ya kidole. Furaha hiyo ilidumu muda wa kuvuta pumzi tatu. Pumzi ya nne ikaja na hesabu nyingine.

Galila aliiona na hii. Alisimama pale ukingoni akaliona tuta zima hadi kwenye mbarika, “imetoka yote,” alisema. Tofauti ya hii na ile ilikuwa mabua tu, na mabua aliyarudisha nani? Tafida aliijua mikono iliyoyarudisha, ilikuwa mapajani mwake. Aliiona ngazi ya mfereji na wanawake wakirudi nyuma. Lakini halikuwa hilo lililomvunja. Lililomvunja lilikuja chini yake, kutoka mbali. Kama hapa halikuwa jicho, basi huenda hata kule halikuwa jicho. Huenda Nagah alikuwa na homa ambayo daktari wa mjini angeitibu, na wao walikaa siku nne wakichoma shabu. Miaka thelathini na tatu alikuwa na mtu wa kumlaumu. Miche thelathini na saba ilikuwa imesimama pale inamnyang'anya.

Akasikia sauti juu ya ukingo. Samah alikuwa anasema, “Njoo tu, Bi Galila, usiogope, kuna kitu nataka nyote wawili mkione,” na nyayo mbili zilikuwa zinakuja.

Tafida akasimama. Hakufikiri, au baadaye alijiambia hakufikiri. Alikanyaga. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akazungusha kisigino kwenye udongo laini alioupepeta mwenyewe, na miche ikatoa mlio mdogo wa kuvunjika ambao anayeijua kabichi anaujua. Akavuta mabua yale yaliyokunjwa, akayalaza juu, akatoka mbele hatua tatu kuwapokea.

Galila alikuwa amekonda kwa siku nne. Alisimama mbali, macho chini.

“Tafida,” alisema, “sikuja kubishana. Nimekaa nikafikiri. Mama yangu pia alikuwa akisema nina jicho, alinikataza kumtazama ndama akizaliwa. Na watoto wangu mimi, unajua, hakuna mimba iliyoshika ikakaa. Labda hata wao niliwatazama. Labda ni kweli. Sikutaka, wallahi sikutaka, lakini labda ni kweli. Nisamehe.”

Upepo ulitikisa mbarika. Tafida alikuwa na nafasi hapo, ndefu ya kutosha kusema neno moja, na neno lilifika hadi kwenye meno.

“Nimekusamehe,” alisema.

Galila akalia kwa sauti. Samah hakuwa anawasikiliza, alikuwa ameshapita, amechuchumaa mwisho wa tuta. Aliinua mabua. Kisha akatazama chini, kwenye nyayo, na kutoka kwenye nyayo akapandisha macho hadi kwenye viatu vya mkwewe, na kutoka kwenye viatu hadi usoni.

“Kuna nini huko, Samah?” Galila akauliza, akijifuta pua. “Ulitaka kutuonyesha nini?”

Samah alimtazama Tafida, na Tafida hakuweza kumtazama.

“Hakuna kitu, Bi Galila,” alisema. “Hakuna kitu tena.”

Basi Galila akajiandaa kurudi. Njiani kulikuwa na mahindi ya Shahat yaliyoanza kubeba, na bamia za watu, na mbele kidogo mama mmoja ameketi mlangoni anamnyonyesha mtoto. Galila akavuta mtandio wake kutoka kichwani, akaushusha hadi chini ya pua, akaufunga kwa nyuma. Akanyoosha mkono hewani, akipapasa.

“Nishike, mwanangu,” alimwambia Samah. “Nivushe hapa, nisije nikatazama shamba la mtu.”